Likizo ya Pwani Huanzia Buruburu

Watu wengi wa mitaa yetu hupanga likizo ya Pwani kuanzia mwisho. Kwanza wanapata ruhusa kazini, kisha wanakimbilia tiketi, kisha nyumba, na bahari wanaikuta ilivyo. Ndiyo maana familia hurudi Buruburu Phase 3 ikinung'unika kwamba Diani haikuwa na maji: walishuka ufuoni saa nne asubuhi, mwezi ukiwa mpevu, wakakuta bahari imekupwa hadi mwambani, na watoto wakabaki kuchezea madimbwi. Wengine walienda Aprili kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, mvua ya masika ikawafungia ndani siku nne mfululizo, wakatazama televisheni ileile wanayoitazama nyumbani. Bahari haikuwakosea. Ina kalenda yake, na haina habari na fomu yako ya likizo.

Mbinu ni kugeuza mpangilio. Anza na upepo, fuata mwezi, kisha pima mfuko, ndipo utafute mahali pa kulala na chombo cha kusafiria. Kazi hii yote hufanyika hapa Buruburu, miezi kadhaa kabla ya kufunga begi, na haigharimu chochote ila kalenda, kalamu na simu.

Soma upepo kabla ya ratiba ya shule

Pwani ya Kenya ina pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Bahari hutulia, maji huwa maangavu, na joto hupanda. Ndio upepo ulioyaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi. Kusi huchukua zamu kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba. Hewa hupoa, mawimbi huchafuka, na mwani mwingi husukumwa ufuoni. Katikati huja mvua: masika kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, na vuli nyepesi zaidi Oktoba na Novemba.

Sasa weka likizo za shule juu ya pepo hizo. Shule zetu hufungwa Aprili, Agosti, na mwisho wa mwaka.

Likizo ya Aprili huangukia masika, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Mombasa. Bei za vyumba huwa chini, na sababu ni hiyo mvua. Ukienda wakati huu, chagua mahali penye mambo ya kufanya hata kukinyesha: Fort Jesus, Mji wa Kale, masoko, au hoteli yenye nafasi ya watoto kucheza ndani.

Agosti ni kusi. Maji hayatakuwa ya kuvutia kama yale ya kwenye mabango ya matangazo, na safari za mashua huweza kuahirishwa. Lakini joto ni la kustahimilika, jambo linalomfaa mzee au mtoto mchanga, na kati ya Julai na Septemba nyangumi hupita karibu na Watamu na Diani. Kwa familia yenye watoto wa shule na mfuko wa kawaida, Agosti mara nyingi ndiyo chaguo la busara.

Desemba bahari ni nzuri, na kila mtu anajua. Nauli za mabasi hupanda, nyumba hukodishwa kwa bei ya juu kabisa, na ufuo wa umma hujaa hadi usione mchanga. Ukishikilia Desemba, nenda mapema mwezi huo, urudi kabla ya tarehe 20. Utapata bahari ileile kwa watu wachache na pesa kidogo.

Wasiofungwa na shule, yaani vijana, wachumba na wastaafu, wana bahati kubwa zaidi. Mwisho wa Januari hadi mwanzo wa Machi kaskazi bado inavuma, bei za Krismasi zimeshuka, na waliotumia kila kitu Desemba wako nyumbani wakitafuta karo.

Angalia pia Ramadhani, ambayo hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka. Mchana mikahawa mingi ya Mji wa Kale na Lamu hufungwa, na si adabu kula barabarani. Jioni ndipo mitaa huchangamka kwa vyakula vya futari. Siku za Idd, ufuo wa umma hufurika kama wakati wa Krismasi.

Mwezi unaonekana hata ukiwa Rabai Road

Hili ndilo jambo ambalo watu wa bara hulisahau, nalo ndilo linaloamua kama mtaogelea asubuhi au mtangoja jioni.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na Mombasa tofauti ya vina hivyo viwili yaweza kupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na tofauti hupungua sana.

Uzuri ni kwamba katika pwani yetu saa za bamvua hazibadiliki sana mwezi hadi mwezi. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi na kupungua alasiri.

Kwa hiyo jiulize unachokitaka. Kama lengo ni watoto kuoga asubuhi kisha walale mchana, panga wiki ambayo mwezi ni nusu. Kama unataka kutembea kwa miguu hadi karibu na mwamba, kuona samaki wadogo kwenye madimbwi na kuvitazama viti vya pweza bila kuvigusa, panga siku za bamvua; mtaoga jioni, jua likiwa limepoa. Kwa anayekaa siku saba hivi, njia nzuri ni kufika mwezi ukiwa nusu na kuondoka unapokaribia kujaa, apate yote mawili. Ratiba za kujaa na kupwa hupatikana bure kwenye intaneti. Tafuta ya Mombasa, ambayo mara nyingi huandikwa Kilindini. Iandike kwenye kalenda ya ukutani pamoja na siku zako za ruhusa.

Tahadhari moja haipuuzwi. Ukitembea kuelekea mwambani, geuka kurudi kabla maji hayajaanza kupanda. Bahari hairudi kwa mstari ulionyooka. Huingia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, ukashtukia umezungukwa. Na usiende bila raba za miguu. Kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu wanaojificha kwenye nyasi za bahari, na mwiba wao unaweza kukumalizia likizo.

Chagua ufuo kwa kuwatazama unaokwenda nao

Mtu akisema anaenda Mombasa, anaweza kumaanisha ufuo wowote kutoka Shimoni hadi Malindi. Sehemu hizi hazifanani.

Nyali, Bamburi na Shanzu zinamfaa anayekwenda mara ya kwanza na hana gari. Matatu na tuktuk hazikosekani, maduka yako karibu, na ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi huuita Pirates, huingii kwa tiketi. Kuna ngamia, maboya ya kukodi, viazi karai na kelele. Ukienda na watoto hapo siku ya sherehe, andika namba yako ya simu kwenye mkono wa kila mtoto kwa kalamu isiyofutika upesi, na mkubaliane mahali pa kukutana mtu akipotea.

Mtwapa ina nyumba za bei nafuu, na ina muziki hadi alfajiri. Kijana ataifurahia. Nyanya yako hatalala.

Diani ina mchanga mweupe na nafasi. Iko kusini mwa kisiwa, kwa hiyo zamani kila mtu alilazimika kuvuka Likoni. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu inakutoa Miritini hadi upande wa kusini bila kugusa feri. Mwenye gari au anayekodi teksi kutoka kwenye kituo cha treni aitaje njia hiyo tangu mwanzo wa mazungumzo ya bei.

Watamu ni tulivu, na hifadhi yake ya bahari, iliyoanzishwa 1968 pamoja na ya Malindi, ni kati ya za kwanza Afrika. Karibu hapo kuna magofu ya Gedi, yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Mwanafunzi anayesoma historia atajifunza mengi zaidi hapo kwa saa mbili kuliko kwa muhula mzima.

Lamu, iliyoingia kwenye orodha hiyo mwaka 2001, inamfaa anayetaka kutembea kwa miguu kwenye vichochoro, kupanda mashua na kulala mapema. Haimfai anayetafuta disko.

Kata pesa kwa mafungu

Gawanya bajeti katika mafungu matano: njia, kulala, kula, kutembea, na dharura. Kosa la kawaida ni kumaliza mawili ya kwanza kisha kutegemea bahati kwa yaliyobaki. Fungu la dharura liguswe tu mtu akiugua au safari ikikwama, na pesa za nauli ya kurudi zisihesabiwe kabisa. Bora tiketi ya kurudi inunuliwe siku moja na ya kwenda.

Chukua mfano wa njia. Tangu Januari 2024 nauli ya Madaraka Express kati ya Nairobi na Mombasa ni Sh1,500 kwa daraja la kawaida na Sh4,500 kwa daraja la kwanza. Mtoto wa kati ya miaka 3 na 11 hulipa nusu. Familia ya wazazi wawili na watoto wawili wa umri huo italipa Sh4,500 kwenda, Sh9,000 kwenda na kurudi. Wakitaka daraja la kwanza ni Sh27,000. Tofauti ni Sh18,000 kwa safari mbili za saa tano au sita kila moja. Pesa hizo zinaweza kuongeza siku za kulala au kulipia safari ya mashua ya familia nzima. Anayeumwa mgongo ana sababu ya kulipia kiti kipana. Mwingine ajiulize mara mbili.

Kwa akiba, utaratibu wa chama unafaa kuliko nia ya mtu mmoja. Mkiwa familia nne au tano za mtaa mmoja, changeni kila mwezi kuanzia Februari kwa safari ya Desemba. Lakini andikeni kanuni tatu kabla ya shilingi ya kwanza kuingia: pesa zitakaa wapi, nani wawili lazima wakubaliane kabla hazijatolewa, na atakayejitoa atarudishiwa nini na lini. Ugomvi mwingi wa safari za vyama huzuka kwenye hilo la tatu. Anayeweka akiba peke yake aiweke mahali pagumu kufikia, kama sacco au akaunti ya kufungia akiba ya M-Shwari, isiwe kwenye laini anayonunulia mboga.

Kampuni nyingi za safari sasa hukubali ulipe polepole. Ni mpango mzuri, mradi umethibitisha kwamba kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, umepata stakabadhi kwa kila malipo, na umesoma linalosemwa kuhusu kurudishiwa pesa. Pesa zipitie namba ya biashara yenye jina la kampuni. Wakala anayetaka utume kwa namba yake binafsi kwa sababu “mfumo uko chini” aachwe hapo hapo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutuma arubuni

Nyumba ya kukodi yenye jiko huokoa pesa nyingi, hasa mkiwa watu sita au zaidi. Pia ndipo matapeli wamejaa. Picha nzuri za nyumba ya mtu mwingine huwekwa kwenye mitandao, bei inashushwa kidogo chini ya soko, na unahimizwa utume nusu leo kwa sababu “kuna mtu mwingine anaitaka”. Dawa yake ni simu ya video. Mwambie mwenyeji atembee nayo: aanzie lango la nje na barabara, aingie sebuleni, afungue bomba la jikoni, aonyeshe vyandarua. Asiye na nyumba hawezi kuitembea.

Mkiwa kwenye simu hiyo, uliza haya:

Ufuoni ni dakika ngapi kwa miguu, na njia ya kufika inapita wapi? Maneno “karibu na bahari” yanaweza kumaanisha kilomita mbili za jua.

Kiyoyozi kinatumia tokeni za nani? Katika nyumba nyingi bei ni pamoja na stima ya kawaida, lakini kiyoyozi ni juu yako, nacho hula tokeni kwa kasi. Pangaboi na neti mara nyingi zinatosha.

Maji ya bomba ni ya chumvi? Sehemu kubwa ya Pwani hutumia visima, na chai ya maji hayo haina ladha uliyoizoea. Panga kununua mitungi ya lita 20 ya maji ya kunywa na kupikia.

Kuna mpishi? Majumba mengi, hasa Diani na Watamu, yana mpishi anayejua soko. Uliza malipo yake kwa siku na kama yamo kwenye bei ya nyumba. Samaki wa kupaka atakaowapikia kwa vitu mlivyonunua sokoni hugharimu kidogo sana ukilinganisha na hotelini.

Mtungi wa gesi umejaa? Nani anaujaza ukiisha? Na saa ya kuingia na kutoka ni ngapi? Treni ya usiku huwafikisha alfajiri. Mkikosa pa kuweka mizigo hadi mchana, siku ya kwanza imepotea.

Anayependelea hoteli aulize bei za wakazi wa Kenya, ambazo huwa chini kuliko zinazoonyeshwa wageni, na aulize kilichomo: kifungua kinywa peke yake, kifungua kinywa na chakula cha jioni, au milo yote pamoja na vinywaji. Familia inayoshinda nje siku nzima haina haja ya kulipia chakula cha mchana cha hoteli.

Kutoka Mumias South Road hadi mchangani

Treni huondoka Syokimau saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Ya asubuhi husimama vituo vya njiani kama Emali, Mtito Andei na Voi. Ya alasiri ndiyo ya haraka. Kata tiketi mapema kwa kupiga *639# au kupitia tovuti ya Shirika la Reli, maana viti vya wikendi na likizo huisha upesi. Jina kwenye tiketi lifanane na kitambulisho, na watoto wabebewe vyeti vya kuzaliwa. Ukaguzi una hatua kadhaa, wa mbwa na wa mashine, hivyo fika angalau saa moja kabla. Kisu cha kukatia matunda na vitu vinavyoshika moto viache nyumbani. Asubuhi ya Jumatatu usipitie Outering Road ukiwa na dakika za kuhesabu.

Basi lina faida moja kubwa: hukushusha mjini, na mengine huendelea hadi Malindi au Ukunda, ilhali treni huishia Miritini na bado una chombo kingine cha kupanda. Chagua kampuni kwa mwenendo wake barabarani, si kwa rangi wala kwa muziki.

Vikundi vya kanisa na vyama hupenda kukodi matatu ya mtaa. Ni nafuu, lakini uliza kama gari lina kibali cha mamlaka ya uchukuzi, NTSA, cha kwenda nje ya njia yake, kama bima inagharamia safari hiyo, na kama kuna dereva wa pili. Nganya ya njia namba 58 inavutia kwenye Jogoo Road. Kilomita 480 chini ya spika zile ni habari nyingine.

Wenye gari waondoke alfajiri, wapumzike Mtito Andei ambako ni kama katikati, na wasiendeshe usiku. Sehemu kubwa ya barabara hiyo ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na malori ni mengi. Mkivuka kwa feri ya Likoni, watembea kwa miguu hawalipi, magari hulipa. Shika simu yako mkononi na mtoto kwa mkono mwingine.

Begi jepesi

Nguo za Pwani zinapatikana Gikomba kwa bei ya mboga: kaptura, fulana za pamba, magauni mapana, vazi la kuogelea. Ongeza leso mbili kwa kila mwanamke; moja ni taulo, shuka, na pazia la kubadilishia nguo, na ya pili ni ya kujifunga ukipita Mji wa Kale, ambako vazi la ufuoni si la heshima. Beba sweta moja pekee, kwa ajili ya treni ya usiku.

Usisahau losheni ya kuzuia jua. Sisi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na jua letu ni kali pia, ila hewa baridi hutufichia hilo. Pwani, mchanga na maji hukurudishia jua lilelile mara ya pili. Watoto wavae fulana hata ndani ya maji, na kati ya saa tano na saa tisa wawe kivulini. Ngozi nyeusi huungua. Huchelewa tu kuonyesha.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi katika maeneo ya hifadhi, zikiwemo fuo na hifadhi za bahari. Kila mtu awe na chupa yake ya kujaza.

Kitambulisho cha taifa kibebwe kila uendapo. Bei ya raia kwenye Fort Jesus na hifadhi ni sehemu ndogo ya ile ya mgeni, lakini lazima uthibitishe. Hifadhi za KWS, shirika la wanyamapori, hulipiwa kwa eCitizen, si kwa pesa taslimu, kwa hiyo lipa mapema ukiwa na mtandao mzuri.

Ukishafika

Bei ya tuktuk, ngamia, mashua na madafu huafikianwa kabla, kwa salamu kwanza. Mpwani husalimu kwa utulivu. Mzee mpe shikamoo, na “niaje” ibaki Buru. Anayekukaribisha ufuoni na safari ya mashua usimtukane wala usimpe pesa papo hapo. Muulize chombo kiko wapi, nahodha ni nani, na kama kila mtu ana jaketi la kuokolea, la mtoto likiwemo. Jaketi zikikosekana, safari haipo.

Kome, matumbawe na viti vya pweza vibaki baharini. Katika hifadhi ni kosa kuviokota, na kwingineko ni hasara kwa atakayekuja baada yako.

Kula mahali wenyeji wanapokula. Mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai na mishikaki jioni Mama Ngina mjini Mombasa, viungo vya pilau na achari za kupeleka nyumbani kutoka soko la Marikiti la huko. Tumbo la mtoto lisipewe pweza, embe la pilipili na madafu siku moja.

Anayevuka hadi Zanzibar

Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hudungwa angalau siku 10 kabla ya safari, na cheti chake sasa hudumu maisha yote. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar imeweka bima ya lazima kwa wageni, basi soma kanuni inayomhusu raia wa Kenya kabla ya kulipa feri. Badilisha pesa katika duka lenye leseni, si kwa kijana wa mpakani.

Homa baada ya kurudi

Malaria ni adimu Nairobi, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Buruburu hana kinga aliyonayo mwenzake wa Kwale. Kabla ya kwenda, muulize daktari au mfamasia kuhusu dawa za kujikinga, hasa kwa mjamzito na mtoto mdogo. Mkiwa huko laleni ndani ya neti na mjipake dawa ya mbu jua linapotua. Na ugonjwa hauji siku ya kuumwa na mbu. Huchukua wiki moja au zaidi. Mtu akipata homa mwezi huo baada ya kurudi, asisingizie baridi ya Nairobi wala uchovu wa safari. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, aseme waziwazi kwamba alikuwa Pwani, na aombe kupimwa. Daktari wa Nairobi asipoambiwa, huenda asifikirie malaria kwanza, na kwa mtoto siku moja ya kuchelewa ni nyingi.

Homa isipokuja, kaeni na daftari mkiwa bado mnakumbuka. Andikeni kila fungu lilitumia kiasi gani, siku zipi maji yalikuwa mazuri, na namba ya mpishi. Safari ya pili hupangwa kwa jioni moja, na mchango wa kwanza wa mwaka ujao uanze mwezi huo huo.